Chuma Chenye Matundu Sita

CHAMA CHA KUHIFADHI BASI LA GHOROFA NAMBA MOJA, ELLERSHAW

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 11 OKTOBA 2025, KATIKA GEREJI YA CHAMA, BARABARA YA MTONI, KUANZIA SAA NANE KAMILI MCHANA

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Clifford Ogden – Mwenyekiti
2. Bi. Maureen Thewlis – Katibu (mwandishi wa kumbukumbu hizi)
3. Bw. Ronnie Haigh – Fundi Mkuu
4. Bi. Parveen Akhtar – Mjumbe mpya. Mtunza nyaraka wa wilaya

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Walter Thewlis – Dereva (kwa udhuru: yuko na basi harusini)
2. Bw. Desmond Lumley (bila udhuru, kikao cha tatu mfululizo)

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kumkaribisha Bi. Akhtar. Alieleza kwamba mvua imeingia tena kupitia paa juu ya kabati la vipuri, na kwamba ndoo iliyowekwa Septemba bado ipo ila imejaa. Fundi Mkuu alisema ndoo humwagwa na mtu mwenye mikono. Mwenyekiti alisema ana mikono miwili na yote inauma. Ndoo ilimwagwa na Katibu.

Ajenda zilikubaliwa. Bi. Akhtar aliomba barua alizozileta zisomwe kwanza, kwa kuwa zipo nyingine alizozisoma jana jioni na zinamtia wasiwasi. Mwenyekiti alimweleza kwamba chama hiki hufuata mpangilio, na kwamba barua zitasomwa zamu yake ikifika.

KUMB. NA. 2/10/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

(a) Simu za madereva. Mwenyekiti aliarifu kwamba kanuni iliyopitishwa Julai inafanya kazi vizuri. Dereva akiwa kazini huacha simu yake katika kopo la biskuti kwenye rafu ya birika, ili asishawishike kuipokea njiani. Wajumbe walijipongeza.

(b) Ndege waliojenga kiota kwenye sanduku la bango la mbele la basi. Wameondoka wenyewe.

KUMB. NA. 3/10/2025: MWENENDO WA DEREVA KATIKA MTEREMKO WA BUCKSTALL

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kiangazi hiki zimeletwa barua nne za malalamiko. Dereva, kila akifika juu ya Buckstall penye birika la mawe la kunyweshea farasi, husimamisha basi, huzima injini, na huwaomba abiria wote wa ghorofani washuke. Wanaopata nafasi chini hukaa. Wasiopata huteremka kwa miguu hadi kona ya mwisho, kisha hupandishwa tena. Mama mmoja kutoka Leeds alikaa kwenye tope bila kukusudia.

Mwenyekiti alieleza kwamba basi hili lilitengenezwa kubeba watu hamsini na wanane, ishirini na wanane kati yao juu, na kwamba mtu anayekuja kupanda basi la ghorofa hakuja kutembea. Aliuita mwenendo huo ushirikina wa madereva wa zamani. Fundi Mkuu alisema Walt ameendesha mteremko ule tangu mwaka 1972 na hajagusa hata ukuta. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe, amejiona mwenye barabara.

Ilikumbushwa kwamba uamuzi ulipitishwa Septemba kwa kura tatu dhidi ya moja. Fundi Mkuu alikataa. Mwenyekiti na Bw. Lumley walikubali, Bw. Lumley akipiga kura kwa simu akiwa kwa daktari wa meno. Katibu alikubali. Katibu alieleza wakati ule kwamba ameishi na ukaidi wa Dereva miaka arobaini na sita nyumbani, na haoni kwa nini umfuate hadi kwenye kamati.

Katibu aliarifu kwamba barua ya amri aliichapa mwenyewe na kumkabidhi Dereva leo saa saba na nusu, mlangoni pa gereji, kabla hajaondoka. Maneno yake ni haya: "Kuanzia leo hutamshusha abiria yeyote kutoka ghorofani katika Buckstall. Ukikaidi, utaondolewa kwenye orodha ya madereva." Dereva aliuliza ni nini. Katibu alisema, "Ni mambo ya kamati, utasoma." Dereva alisema, "Haya," akaitia barua mfukoni mwa koti, akapanda.

Mwenyekiti alimshukuru Katibu kwa kutanguliza chama mbele ya familia. Shukrani zilipokewa.

KUMB. NA. 4/10/2025: BARUA ZA KIWANDA

Ajenda hii ilianza saa nane na dakika thelathini na tano. Chai ilitengenezwa.

Bi. Akhtar alieleza kwamba barua ni thelathini na moja, na alizikuta katika ghala la nyaraka za wilaya ndani ya boksi lililoandikwa "Mifereji na Taa za Barabarani". Zote ni za kati ya mwaka 1950 na 1953. Upande mmoja ni Bw. Hubert Crowther, mkuu wa michoro katika kiwanda cha Crowther na Lumb, kilichojenga basi letu na ambacho kimekwisha kufungwa. Upande wa pili ni Bw. Sidney Marl, meneja wa mabasi ya mji wetu wakati huo.

Barua za mwanzo zilisomwa kwa furaha kubwa. Zilionesha jinsi Bw. Marl alivyotaka basi la ghorofa litakalopita chini ya daraja la reli la Ellershaw, ambalo liko chini sana, na jinsi kiwanda kilivyomwambia mara tatu kwamba haiwezekani. Kisha Bw. Crowther akaandika kwamba amepata njia: atashusha sakafu yote kwa kuondoa boriti inayokatiza nyuma ya basi. Aliichora pembeni mwa barua kwa penseli. Mwenyekiti aliomba kushika barua hiyo na akakaa nayo muda.

Barua ya kumi na mbili ilithibitisha rangi ya kijani ya awali. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba yeye alikuwa sahihi kuhusu kijani na Bw. Lumley alikosea. Imeandikwa.

Bi. Akhtar alisema zilizobaki hakuzisoma hadi jana jioni, na kwamba anaomba zisikilizwe bila kukatizwa. Alisoma barua ya Bw. Crowther ya tarehe 19 Februari 1952:

"Bwana Marl, jana tuliliteremsha Buckstall na magunia ishirini na nane ya mchanga ghorofani, gunia moja kila kiti. Kwenye kona ya pili nguzo ya nyuma, ile iliyo chini ya ngazi, iliachana na sakafu ya juu. Nafasi iliyofunguka ilikuwa upana wa kidole changu. Nalijua hilo kwa sababu nilikuwa nimekiweka pale. Tulipofika tambarare ikajifunga, na ungeapa kwamba hakuna kitu. Nadhani tungeteremka mara moja zaidi, ghorofa ingetuacha."

Mwenyekiti alisema majaribio ni majaribio. Bi. Akhtar alisema, "Bwana Mwenyekiti, naomba." Alisoma ya tarehe 3 Machi:

"Nimefunga chuma bapa kwenye kona hiyo, kutoka nguzo hadi sakafu ya juu. Urefu futi tatu, matundu sita. Mawili ya katikati yamekaribiana mno kwa sababu kijana wetu alikosea kutoboa, nasi hatukuwa na chuma kingine. Kinatisha kwa ubaya. Hakimo kwenye mchoro na hakitakuwamo, maana mchoro umeshakwenda kupigwa muhuri na wakubwa hawataki kuurudisha. Bila chuma hiki nisingempandisha hata paka ghorofani. Hata kikiwapo, siwezi kukupa neno langu kwa Buckstall watu wakiwa wamejaa juu."

Na jibu la Bw. Marl, ambalo ni mistari miwili tu:

"Chuma kibaki. Madereva wataambiwa kwa mdomo wawashushe watu pale juu. Tafadhali jambo hili lisiandikwe tena."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane.

Fundi Mkuu ndiye aliyeanza. Alisema, "Cliff. Lile kovu."

Kwa wajumbe wapya ifahamike kwamba chama kilipolifufua basi mwaka 1994, kwenye kona ya nyuma chini ya ngazi palikuwa na chuma kibovu cha kutazama, kimepakwa rangi mara nyingi, ambacho hakimo kwenye mchoro wa kiwanda wa mwaka 1951. Wajumbe wa wakati ule walikiita kovu. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyesimamia kazi, aliamini kilifungwa na mafundi wa bohari ya mji baada ya ajali fulani. Msimamo wake ulikuwa kwamba kisichokuwamo kwenye mchoro si cha basi hili. Kilifunguliwa, matundu yakazibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, pakapigwa msasa na kupakwa kijani kile sahihi. Mwaka uliofuata basi lilipata ngao ya kwanza ya uhalisia katika maonesho ya Harrogate. Ngao imetundikwa juu ya kiti cha Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisema, "Hatujui kama ni chuma hichohicho."

Fundi Mkuu aligeuka. Alikuwa anaangalia rafu ya birika. Rafu hiyo aliifunga yeye mwenyewe mwaka 1994 kwa vyuma vilivyokuwa vimebaki. Aliondoa birika, ambalo bado lilikuwa la moto, akaondoa vikombe na kopo la biskuti, akapitisha kidole chini ya ubao, kwenye chuma kilichoushikilia. Alihesabu kwa sauti. Matundu yalikuwa sita. Mawili ya katikati yamekaribiana.

KUMB. NA. 5/10/2025: MAHALI LILIPO BASI (AJENDA YA DHARURA)

Katibu alieleza ratiba ya leo. Harusi ni ya familia ya Holroyd, katika kanisa la juu, ng'ambo ya Buckstall. Wageni wa basini ni arobaini na watano. Kwa maagizo ya mama wa bibi harusi, wazee wanakaa chini na vijana na watoto wote wanakaa juu, ili wapunge mikono. Basi linaondoka kanisani saa tisa kamili na kuteremka Buckstall kwenda ukumbi wa sherehe, ambao uko mita mia tatu kutoka hapa gerejini.

Mwenyekiti alisema wajumbe wasitaharuki. Alisema basi limetembea bila chuma hicho kwa miaka thelathini na moja, na hakuna kilichotokea.

Fundi Mkuu alisema, "Miaka thelathini na moja Walt amekuwa akiwashusha watu pale juu, Cliff."

Katibu alisema, "Mpaka leo."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tatu. Hatua zifuatazo zilichukuliwa, na zimeandikwa kwa mpangilio uleule zilivyotokea.

(i) Katibu alimpigia Dereva simu. Simu iliita ndani ya kopo la biskuti. Wote waliisikia. Iliita hadi ikakata, na hakuna mjumbe aliyenyoosha mkono kuizima.

(ii) Bi. Akhtar alipiga simu kanisani. Sauti iliyorekodiwa ilimwambia saa za ibada.

(iii) Bi. Akhtar alipiga simu ukumbini. Msichana alisema basi halijafika, na akauliza kama ni kuhusu keki.

(iv) Fundi Mkuu alichukua gari lake dogo la mizigo kwenda kulizuia basi barabarani. Ifahamike ana umri wa miaka sitini na tisa na goti lake moja ni la plastiki. Aliondoka saa tisa kamili. Saa tisa na dakika tano alipiga simu na kusema, "Kondoo wa mkulima Sutcliffe. Anawateremsha kutoka malishoni, wamejaa barabara nzima, ukuta hadi ukuta. Naliacha gari. Naenda kwa miguu."

(v) Mwenyekiti alipendekeza polisi waitwe. Waliitwa. Walio karibu zaidi walikuwa mbali, mjini Halifax.

Baada ya hapo hapakuwa na hatua ya kuchukua. Wajumbe watatu waliobaki walitoka mlangoni. Kwa siku njema, kona ya mwisho ya Buckstall huonekana kutoka mlangoni pa gereji, na kona ya pili huonekana ukijua pa kuangalia. Leo ukungu ulikuwa umekalia mlima wote na mvua ilikuwa ikinyesha ndani ya ukungu.

Katibu anaomba iandikwe kwamba aliogopa. Hajui namna ya kuliandika jambo hili kwa lugha ya kikao. Alishika kalamu na daftari la kumbukumbu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika. Aliwaza kuhusu watoto wa Holroyd kwenye viti vya nyuma, ambavyo watoto huvigombania. Aliwaza kuhusu barua yake mwenyewe mfukoni mwa koti alilolifua Alhamisi. Katika miaka arobaini na sita alikuwa amemwomba mume wake mara nyingi afanye alivyoambiwa, na mume wake hakuwahi. Sasa alisimama kwenye mvua akiomba kwamba leo isiwe ndiyo mara ya kwanza.

Saa tisa na dakika kumi na sita injini ilisikika kutoka juu. Wanachama wote huijua injini hiyo. Ilikuja hadi mahali ambapo kwa makadirio ni penye birika la mawe. Kisha ikanyamaza.

Mwenyekiti alitoa saa yake mfukoni. Ukimya huo ulichukua dakika tisa. Bi. Akhtar aliuliza kwa sauti ndogo kama injini huzimika yenyewe kitu kikivunjika. Katika dakika ya sita Mwenyekiti alisema, "Maureen, kama kumetokea..." Katibu alimwambia asiimalize sentensi hiyo, na kwamba akiimaliza, Katibu ataiandika katika kumbukumbu.

Saa tisa na dakika ishirini na tano injini iliwaka tena, gia ya kwanza, polepole sana.

Basi lilitoka kwenye ukungu kwenye kona ya mwisho likiwa na taa zote. Madirisha ya chini yalikuwa na nyuso. Madirisha ya juu hayakuwa na mtu hata mmoja. Nyuma yake, kwa miguu, walikuja watu wa harusi, vijana na watoto na wengine waliokuwa wamevua viatu, na katikati yao bibi harusi ameinua gauni hadi magotini, na begani amevaa koti la Dereva. Fundi Mkuu alikuwa mwishoni, akichechemea, na mtoto mmoja wa Holroyd juu ya mabega.

Katibu aliketi kwenye ndoo ya vipuri.

KUMB. NA. 6/10/2025: MAELEZO YA DEREVA

Dereva aliegesha basi mbele ya gereji, akavuta breki ya mkono, akaingia gerejini akiwa na shati lililolowa. Alikuta kamati imesimama na Katibu ameketi kwenye ndoo. Alisema, "Kuna nini? Nani kafa?"

Mwenyekiti alimwuliza kama aliisoma barua ya kamati. Dereva alisema aliisoma kanisani, wakati watu wanaimba.

"Na uliielewa?"

"Cliff, mke wangu ndiye aliyeichapa. Ingekuwa na makosa ningeshangaa."

Alimwendea bibi harusi aliyekuwa amesimama mlangoni, akaomba radhi, akatoa barua kwenye mfuko wa koti lake alilomvika, na kumpa Katibu. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Nyuma yake, kwa penseli, ameandika: "Nimewashusha. Ufunguo nitauacha kwenye kopo. W. Thewlis."

Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ambayo Katibu hakuwahi kuisikia kwake, kwa nini alifanya hivyo. Maelezo ya Dereva yameandikwa kama alivyoyasema:

"Enos Pickles ndiye aliyenifundisha njia hii. Wiki yangu ya kwanza, nina miaka ishirini na moja. Enos alikuwa mtu wa mzaha, alinifanya nipige saluti kwa kila ng'ombe hadi Halifax. Tulipofika pale juu akaacha mzaha. Akaniambia, 'Kijana, hapa unawashusha. Usiniulize, na mimi nilipouliza sikuambiwa.' Basi. Sijui ni kwa nini hata leo. Nilidhani labda ni breki. Lakini niliuona uso wake, nami sikutaka kuwa mtu wa kwanza kutowashusha."

Bi. Akhtar alimsomea barua mbili za Bw. Crowther. Dereva alisikiliza amesimama. Zilipokwisha alikwenda akaketi kando ya Katibu, kwenye ndoo ya pili. Halafu alisema, "Wale watoto walikuwa wanaimba huko juu. Walinizomea nilipowaambia washuke."

Katibu alimshika mkono. Hili halikuwa kwenye ajenda.

KUMB. NA. 7/10/2025: UKAGUZI WA KONA YA NYUMA

Fundi Mkuu alilala chini ya ngazi ya basi na tochi. Alikwangua rangi ya kijani, akaomba apewe kitu chembamba cha kupimia. Kilichokuwa karibu ni biskuti ya chai kutoka kwenye kopo. Aliichomeka kati ya nguzo na sakafu ya juu. Iliingia nzima, na haikuvunjika.

Alisema hiyo ni bila mtu hata mmoja juu. Alisema hataki kufikiria ingekuwaje na ishirini na wanane. Kisha alifikiria, na ikabidi atoke nje.

Mwenyekiti aliomba tochi, akaenda mwenyewe, akaangalia kwa muda. Aliporudi aliishusha ngao ya Harrogate ukutani na kuiweka sakafuni, uso ukielekea ukuta.

KUMB. NA. 8/10/2025: MAAZIMIO

(a) Basi halitatembea hata mita moja hadi chuma kirudishwe mahali pake na kona yote ikaguliwe na mtaalamu kutoka nje ya chama. Ilipitishwa kwa kauli moja.

(b) Hata chuma kikisharudishwa, abiria watashushwa juu ya Buckstall. Sababu itabandikwa ndani ya basi mahali ambapo kila abiria ataisoma. Ilipitishwa kwa kauli moja.

(c) Ombi la Dereva la kuacha ufunguo lilikataliwa. Dereva alisema hakuomba, alitoa taarifa. Mwenyekiti alisema taarifa imekataliwa pia.

(d) Kanuni ya simu kwenye kopo ifutwe.

(e) Malalamiko ya mama wa bibi harusi, Bi. Holroyd, yaliyotolewa kwa mdomo mlangoni, kuhusu viatu vya hariri, nywele, na tope, yalipokewa. Alisema hajawahi kudhalilishwa namna ile na kwamba ataandika. Wajumbe walisimama wote wakamsikiliza hadi mwisho. Alipomaliza, Mwenyekiti alimshukuru kwa machozi, na Bi. Holroyd aliondoka akiwa na hofu kidogo. Ilikubaliwa kwamba yeye na wageni wake waandikiwe ukweli wote, pamoja na nakala za barua, Jumatatu asubuhi.

(f) Chuma kilifunguliwa ukutani kwa spana na Fundi Mkuu na Dereva. Rafu ilianguka. Birika sasa liko chini.

KUMB. NA. 9/10/2025: MENGINEYO

Mwenyekiti aliomba, kabla ya kufunga, kwamba Kumb. Na. 3 ya leo iondolewe katika daftari. Alieleza kwamba hakuna aliyeumia, kwamba amri imeshabatilishwa, na kwamba wajukuu wake wanaweza siku moja kusoma jinsi babu yao alivyomwita Walt mshirikina saa moja kabla ya watoto wale kupita pale. Alipendekeza wajumbe waelewane kwa mdomo.

Bi. Akhtar alichukua barua ya Bw. Marl kutoka mezani, ile ya mistari miwili, akaiweka mbele ya Mwenyekiti. Hakuisoma kwa sauti.

Katibu alieleza kwamba kura yake mwenyewe imo katika Kumb. Na. 3, na shukrani alizopewa zimo, na angependa kuliko mtu yeyote ukurasa ule uchanwe. Alisema hatauchana. Mwenyekiti alisema, "Andika, Maureen. Andika yote."

KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Mvua bado ilikuwa inanyesha. Dereva na Katibu waliondoka kwa miguu.

Sahihi:

C. Ogden, Mwenyekiti
(Kwa mkono wake, chini ya sahihi: "Nimezisoma na ni za kweli. Boliti zote sita nilizifungua mimi.")

M. Thewlis, Katibu